Kiboko wa Kilombero: ratiba yake, njia zake na usalama wetu

Ukitoka Ifakara kuelekea Lupiro na Mahenge, unavuka Mto Kilombero juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa Mei 2018. Kabla ya hapo abiria, baiskeli na magunia ya mpunga vilivushwa kwa kivuko na mitumbwi. Daraja limeondoa hatari nyingi, lakini chini yake maisha ya mto yanaendelea kama zamani. Wavuvi wanatega migono, kina mama wanachota maji, wakulima wanalinda mpunga usiku, na viboko wanachomoza macho na pua zao katikati ya maji yale yale.

Wengi wetu tunamjua kiboko kwa habari mbaya tu: mtumbwi umepinduliwa, shamba limeliwa, mtu amejeruhiwa. Habari hizo ni za kweli na zinauma. Lakini anayemjua kiboko kwa mabaya yake peke yake hawezi kujikinga naye, kwa sababu hajui ni lini na wapi atakutana naye. Kiboko ni mnyama wa ratiba. Mchana yuko majini, usiku yuko malishoni, na kati ya maji na malisho ana njia anazozipita tangu alipokuwa ndama. Madhara mengi hutokea pale mtu, mtumbwi au shamba linapokaa katikati ya njia hizo kwa saa isiyofaa. Makala hii inaeleza maisha ya mnyama huyu hatua kwa hatua, kisha inaonyesha mvuvi, mkulima, mzazi na serikali ya kijiji wanavyoweza kuyatumia maarifa hayo.

Bonde linalomfaa

Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini mashariki. Mito ya Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Kihansi inashuka kutoka nyanda za juu na kuulisha Mto Kilombero, ambao nao unakutana na Luwegu kwenye Maporomoko ya Shuguri na kuwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka katika bonde hili. Mwaka 2002 eneo lake la mafuriko, lenye karibu hekta 800,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa kiboko, nchi hii ina kila anachohitaji: maji ya kina cha kutosha kumfunika mwili, mkondo usio na kasi kubwa, kingo zenye mteremko wa kupandia, na mbuga tambarare yenye majani mafupi karibu na maji. Mahitaji hayo ndiyo hayo hayo yanayomvuta binadamu. Mpunga unapenda tambarare yenye unyevu, ng'ombe wanapenda majani ya mbugani, na samaki wako katika madimbwi yale yale anayolala kiboko. Mgongano wetu naye unatokana na kupenda mahali pamoja.

Mchana: kwa nini hatoki majini

Kiboko dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 1,500 hivi, na wakubwa sana huvuka kilo 2,500. Kwa ukubwa huo mtu angetarajia ngozi isiyojali chochote. Ngozi yake kweli ni nene, lakini tabaka lake la juu kabisa ni jembamba na hupoteza maji haraka sana. Akikaa juani saa nyingi hukauka na kupasuka. Ndiyo maana anashinda majini, au kwenye tope maji yakiwa haba.

Ngozi hiyo hutoa ute unaoanza bila rangi, kisha hugeuka mwekundu na baadaye kahawia. Wengi huuona na kudhani mnyama anavuja damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kilichomo: rangi mbili, moja nyekundu na nyingine ya chungwa, zinazozuia miale mikali ya jua. Ile nyekundu huzuia pia kukua kwa bakteria. Hii inasaidia kueleza kwa nini madume wanaochanana kwa meno na kurudi katika maji machafu mara nyingi hupona vidonda vyao.

Macho, masikio na matundu ya pua yamepangwa juu ya kichwa, hivyo mnyama mzima anaweza kujificha huku akiona, akisikia na kuhema. Akizama hufunga pua na masikio. Mkubwa hukaa chini kwa dakika tano hivi, na hata akiwa usingizini mwili humwinua avute pumzi na kuzama tena. Pamoja na kupenda maji namna hii, kiboko si mwogeleaji kama mamba. Mwili wake ni mzito, hivyo hutembea na kurukaruka juu ya sakafu ya mto. Mvuvi ajue jambo hili, kwa maana kiboko kuzama hakumaanishi kwamba ameondoka. Anaweza kuwa anatembea chini ya mtumbwi.

Nje ya jamii ya viboko wenyewe, jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi na pomboo, si nguruwe wala ng'ombe. Ana tumbo lenye vyumba kadhaa linalochachusha majani, lakini hacheui.

Dume, majike na ndama

Viboko wanaolala pamoja mara nyingi huwa kati ya 10 na 30, wengi wao wakiwa majike na watoto. Kiangazi kikali, maji yanapobaki katika mabwawa machache, idadi hiyo hupanda sana. Katika Hifadhi ya Katavi, Mto Katuma unapokauka, mamia hubanana katika dimbwi moja la tope.

Kila kipande cha mto kina dume wake mkuu. Huyu hulinda maji, halindi malisho. Ndani ya eneo lake ndiye mwenye haki ya kupanda majike, lakini huwavumilia madume wengine wakinyenyekea. Asiyenyenyekea hupigana au hufukuzwa. Wanaofukuzwa, vijana kwa wazee, huenda kuishi peke yao katika vidimbwi, mifereji na mikono ya mto, mara nyingi karibu na mashamba na makazi ya watu. Kwa hiyo dimbwi dogo lililokuwa salama mwaka jana linaweza kuwa na dume mmoja mwaka huu. Usiliamini kwa sababu tu ni dogo.

Dume mkuu hutangaza mamlaka yake kwa kinyesi, akikitawanya kwa mkia unaopiga huku na huku. Hutangaza pia kwa kupanua mdomo, akionyesha meno ya chini ambayo hayaachi kukua na hunolewa kwa kusuguana na ya juu. Watu wengi hudhani anapiga miayo kwa usingizi. Aliyeko kwenye mtumbwi akiona mdomo umefunguliwa kumwelekea, ajue ameonywa. Sauti nayo ni lugha. Utafiti uliofanyika Msumbiji na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba viboko hutofautisha sauti za majirani wao na za wageni, na wakisikia mgeni hujibu kwa ukali zaidi.

Jike hubeba mimba kwa miezi minane hivi na kuzaa ndama mmoja, mwenye uzito wa kilo 25 hadi 50. Siku za kuzaa hujitenga na kundi, akiwa majini au kwenye kichaka kando ya maji. Ndama hunyonya hata chini ya maji, na maji yakiwa ya kina kirefu hupanda mgongoni kwa mama. Huzaliwa kwa wingi zaidi majira ya mvua, majani yanapokuwa laini. Maadui wake ni mamba, simba, fisi, na wakati mwingine dume wa kiboko mwenyewe. Kwa sababu hiyo mama mwenye ndama hasubiri kuchokozwa. Akikuona karibu, kwake wewe ni mmoja wa hao.

Jike mmoja huzaa kwa wastani mara moja kila baada ya miaka miwili, na huchukua miaka mingi kukomaa. Kundi likipunguzwa kwa ujangili halirudi upesi.

Usiku: anakula nini na anapita wapi

Giza linapoingia viboko hupanda ukingoni, kwa kawaida mahali pale pale kila siku, na hufuata njia zao hadi malishoni. Kule hakuna kundi. Kila mmoja hula peke yake, isipokuwa mama na mtoto wake. Dume mkuu aliyekuwa mkali majini hadai ardhi ya malisho. Hutembea kilomita tatu hadi tano, na malisho yakiwa mbali huenda zaidi. Kabla jua halijachomoza huwa wamerudi.

Hula majani mafupi kwa midomo mipana, akiyabana na kuyang'oa kwa kutikisa kichwa. Usiku mmoja humaliza kilo 40 hivi. Ukilinganisha na uzito wake, hicho ni kidogo kuliko anachokula ng'ombe, kwa sababu anayeshinda amelala majini hatumii nguvu nyingi. Mimea ya majini haimshibishi. Anayedhani kiboko atatosheka na magugu ya mtoni asiweke tumaini lake hapo.

Njia zake zinatambulika. Huwa na mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa na miguu ya kushoto na ya kulia, na tuta dogo la majani katikati. Nyayo zina vidole vinne. Pembeni, hasa kwenye vichaka na vichuguu, utaona kinyesi kilichorushwa. Mkulima anayefungua shamba jipya mbugani atembee kwanza kando ya maji wakati wa mchana, akiwa na mwenzake, azihesabu njia hizi kabla ya kushika jembe. Shamba lililolimwa juu ya njia ya kiboko litapitiwa kila usiku hata kama mpunga wenyewe hauliwi.

Anachoupa mto

Kila usiku kiboko hula nchi kavu, na kila mchana huacha kinyesi majini. Kwa njia hiyo huhamisha rutuba kutoka mbugani hadi mtoni. Mto Mara, unaopita Kenya na Tanzania, una viboko zaidi ya 4,000 katika sehemu iliyochunguzwa, na watafiti walikadiria kwamba huingiza majini karibu tani 36 za kinyesi kwa siku. Rutuba hiyo hukuza mwani na wadudu wa majini, nao hulisha samaki. Katika mbuga zinazofurika, njia za viboko huchimbika na kuwa mifereji inayosambaza maji, na malisho yao hubaki mafupi kiasi cha kuwafaa wanyama wadogo.

Wazee wa Ziwa Edward, mpakani mwa Kongo na Uganda, waliona upande wa pili wa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1970 upande wa Kongo ulikuwa na viboko wapatao 29,000. Vita na ujangili wa nyama na meno viliwashusha hadi chini ya 1,000 ilipofika mwaka 2005. Samaki nao walipungua. Uvuvi uliokithiri ulichangia sana, lakini wavuvi wenyewe waliihusisha hasara hiyo pia na kutoweka kwa viboko waliokuwa wakilirutubisha ziwa.

Lakini rutuba inahitaji maji yanayotembea. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukiacha kutiririka kila kiangazi baada ya maji kuchukuliwa kwa wingi huko juu, umetufundisha hilo. Mkondo ukikatika, viboko hujazana katika madimbwi yaliyobaki, kinyesi kinalundikana, hewa ya oksijeni inaisha majini na samaki wanakufa au kuhama. Watafiti waliochapisha kazi yao kuhusu Ruaha mwaka 2018 walionyesha kwamba kiboko yule yule anayeurutubisha mto unaotiririka huyaharibu madimbwi ya mto uliokatika. Ruaha ni jirani yetu, na maji yake huishia Rufiji kama yetu. Kilombero bado inatiririka mwaka mzima. Tukitunza mkondo wake, tunamtunza kiboko, samaki na mpunga kwa pamoja.

Mwaka wa bonde na mwaka wa kiboko

Hatari ya kiboko haifanani mwaka mzima. Anayeishi Kilombero aifuate kwa majira.

*Novemba hadi Januari.* Mvua zinaanza, mbuga inachipua, wakulima wanalima na kupanda. Viboko walioteseka kiangazi wana njaa, na mpunga mchanga unafanana na majani wanayoyapenda. Majike wengi wana ndama au wako karibu kuzaa. Ulinzi wa shamba uanze pale mbegu inapoota, usisubiri mpunga uzae.

*Februari hadi Mei.* Mto unapanda na kumwagika mbugani. Viboko wanatawanyika mbali na mto mkuu na kuingia katika mikono ya mto, mabwawa ya muda na hata mashamba yaliyofurika. Wakati huu kiboko anaweza kuwa mahali ambapo miezi mitatu iliyopita palikuwa pakavu kabisa. Njia za miguu za kwenda shuleni na zahanati zikaguliwe upya.

*Juni hadi Agosti.* Maji yanashuka, mavuno yanaendelea. Baadhi ya viboko hubaki nyuma katika vidimbwi vilivyokatika na mto. Anayevuna asiwe wa kwanza kuingia shambani alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri.

*Septemba na Oktoba.* Maji ni haba. Viboko na wavuvi wanabanana katika madimbwi yale yale ya kina. Huu ndio msimu wa hatari kubwa kwa mitumbwi, na madume hupigana zaidi kwa sababu ya kukosa nafasi.

Ukiwa majini

Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina kirefu. Kumbuka jambo hilo moja na mengine yatafuata yenyewe.

1. Pita karibu na ukingo penye maji machache. Muachie kiboko kina cha katikati. Ukikaa kati yake na kina, umemfungia mlango.
2. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi au pondo mara kwa mara unapokaribia kona na matete. Lengo ni kumjulisha uko wapi ili ainue kichwa, nawe umwone.
3. Hesabu vichwa. Uliyemwona akazama subiri aibuke kabla ya kusogea. Mapovu au wimbi linalokujia bila upepo ni dalili kwamba anakusogelea chini ya maji. Geuza mara moja uelekee ukingoni.
4. Usitege nyavu wala migono katika dimbwi analolala dume, na usivue usiku kwenye njia ya kupandia.
5. Mtumbwi ukipinduka, achana na samaki na vyombo. Ogelea kuelekea ukingo ulio karibu, mbali na mahali kiboko alipo. Mara nyingi shida yake ni ule mtumbwi.
6. Usivue peke yako, na mwache mtu nyumbani anayejua umekwenda wapi na unarudi lini.

Kwa wanaochota maji na kufua, chagueni ufukwe wa wazi usio na matete wala njia ya kiboko, na muutumie jua likiwa juu. Kisima au bomba lililo mbali na mto ndiyo kinga bora kuliko zote, na wanakijiji wana haki ya kulidai katika mipango ya kata. Pale pasipo na kisima, wigo wa magogo yaliyosimikwa majini huzuia mamba na kiboko pia, ilimradi ukaguliwe kila baada ya mafuriko.

Ukiwa nchi kavu

Kiboko nchi kavu hukimbia kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa saa kwa umbali mfupi. Mtu wa kawaida hamshindi. Usalama wako hautoki miguuni, unatoka katika kuchagua upande wa kusimama.

Usikae kati ya kiboko na maji. Ukimkuta, simama, tazama maji yako upande gani, kisha ondoka polepole kwa ubavu ili njia yake ya kurudi iwe wazi. Akikukimbilia, toka nje ya njia yake, usikimbie mbele yake juu ya njia hiyo hiyo. Panda mti, panda kichuguu kirefu, au zunguka nyuma ya gogo kubwa. Usimrushie mawe, usimmulike usoni ukiwa umesimama kwenye njia yake, na usimkaribie kwa ajili ya picha ya simu.

Kati ya machweo na mapambazuko epuka njia za kando ya mto. Ikibidi kupita, nendeni wawili au zaidi, mkiwa na tochi yenye mwanga mkali na mkizungumza kwa sauti. Anayetoka kilabuni au kwenye ngoma usiku asikatize mbugani ili kuokoa mwendo. Wafundisheni watoto kutambua njia ya mifereji miwili na nyayo za vidole vinne, kama wanavyofundishwa kutambua nyoka.

Mtu akijeruhiwa, bana jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ipungue, mlaze na umfunike, kisha mkimbize hospitali. Meno ya kiboko hupenya ndani sana na huingiza uchafu wa mto, kwa hiyo hata jeraha linaloonekana dogo linahitaji kuoshwa na daktari, dawa za kuzuia maambukizi na kinga ya pepopunda. Ifakara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Usimpitishe mgonjwa kwingine kwanza.

Shambani

Kiboko hawezi kuruka vizuizi nchi kavu. Miguu yake mifupi inabeba mwili mzito, na kizuizi cha chini ambacho mbuzi angekiruka humfanya ageuke. Kwa hiyo uzio wake hauhitaji kuwa mrefu kama wa tembo. Ukuta wa mawe au magogo wenye urefu wa mita moja hivi, au mtaro wenye kingo zilizosimama wima, humzuia ukiwa hauna mapengo. Kikundi cha wakulima wanaopakana wakichimba mtaro mmoja upande wa mto, kila mmoja hutumia nguvu kidogo kuliko akizungushia shamba lake peke yake. Lakini msizibe njia yake yote. Muachieni upenyo unaomfikisha malishoni bila kupita kwenye majaruba, la sivyo atautafuta mwenyewe.

Ulinzi wa usiku ufanyike juu ya dungu lililosimikwa imara, si katika kibanda cha chini wala kwenye mkeka kando ya moto. Tochi kali, madebe na kelele za walinzi kadhaa humrudisha kiboko anayeanza kuingia. Aliyekwisha kuzoea hubadilika, kwa hiyo badilisheni namna ya kumfukuza. Mfukuzeni kuelekea majini, kamwe msimfukuze kuelekea kwa jirani wala kijijini. Msimfuate gizani. Na msitumie sumu, mitego ya nyaya wala misumari. Mnyama aliyejeruhiwa ndiye atakayemuua mtu wiki ijayo, na sumu haitamuua peke yake.

Kiboko akikutwa amekufa

Usimguse, usimchune, usile nyama yake. Viboko huugua kimeta, ugonjwa unaohamia kwa binadamu. Mwaka 2017 kimeta kiliua viboko katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2011, katika Bonde la Luangwa nchini Zambia, mamia ya watu waliugua, na mizoga ya viboko ndiyo iliyokuwa chanzo kikubwa. Mwaka 2025 viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Virunga nchini Kongo.

Mzoga ukifunguliwa, vijidudu hukutana na hewa na kujigeuza kuwa mbegu zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi. Kwa hiyo kisu kimoja kinaweza kuliambukiza eneo la malisho ya kijiji kizima. Weka watoto, mbwa na mifugo mbali, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji, afisa mifugo na afisa wanyamapori. Aliyekwisha kushika au kula nyama na akapata kipele kinachogeuka kidonda cheusi kisichouma, homa au maumivu makali ya tumbo aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi alichokula. Kimeta kinatibika kwa dawa kikiwahiwa.

Sheria inasemaje

Kiboko analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Meno, nyama na ngozi yake ni nyara za Serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kosa. Duniani yumo katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka tangu 2006, na biashara ya kimataifa ya meno yake inadhibitiwa tangu 1995. Ulinzi huo una sababu. Baada ya biashara ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, wafanyabiashara wengi waligeukia meno ya kiboko.

Sheria inamtambua pia mwananchi aliyeumizwa. Chini ya kanuni zake, familia ya aliyeuawa na mtu aliyejeruhiwa na mnyama hatari huomba kifuta machozi, na mkulima aliyeharibiwa mazao huomba kifuta jasho. Malipo ya mazao hutegemea ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na aliyekuwa ndani ya hifadhi kinyume cha sheria halipwi. Viwango na muda wa kuwasilisha madai viulizwe katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya, iwe Kilombero, Ulanga au Malinyi.

Toa taarifa siku ile ile kwa mtendaji wa kijiji. Piga picha za nyayo, kinyesi na mazao yaliyoliwa kabla mvua haijafuta. Andika tarehe, ukubwa wa eneo na majina ya mashahidi. Usivune wala kulima tena kabla mtathmini hajafika. Madai mengi hushindwa kwa kukosa ushahidi ambao mkulima alikuwa nao asubuhi ile na akauacha upotee. Kifuta jasho hakilingani na gunia lililopotea, lakini taarifa iliyoandikwa ina kazi nyingine: ndiyo inayoonyesha viboko wanasumbua wapi na askari wapelekwe wapi.

Kijiji kifanye nini msimu huu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi huiona kama kero ya kunyang'anywa ardhi. Mtu aliyesoma hadi hapa ataiona kwa jicho jingine, kwa kuwa ukanda huo ndipo kiboko anapopandia, anapozalia na anapokula kwanza. Mkulima anayeuacha hupoteza mistari michache ya mpunga na kupata kizuizi cha bure kati ya shamba lake na mnyama wa tani moja na nusu. Ukanda huo huo unashika udongo usimomonyoke na unaufanya mto uendelee kutiririka.

Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua mambo matatu kabla ya mvua za kwanza. La kwanza, wavuvi na wakulima wazee waongoze kuchora ramani ya njia za viboko, mahali wanapolala na mahali pa kuchotea maji, nayo ibandikwe ofisini na shuleni. La pili, njia mbili au tatu kubwa kuliko zote zitengwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, zisigawiwe shamba wala kuwekwa boma la mifugo. La tatu, wachaguliwe watu wa kupokea taarifa, kutunza daftari la matukio na kuwasiliana na askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambayo pia inalisimamia Pori la Akiba la Kilombero lililotangazwa mwaka 2023.

Mambo hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji wale wanaoujua mto wasikilizwe kabla ya viwanja kugawiwa, na waliogawiwa waheshimu mipaka. Kiboko hataibadilisha ratiba yake kwa ajili yetu. Sisi tunaweza kupanga yetu tukiijua yake, na familia itakayofanya hivyo itavuna mpunga wake na kuwarudisha wavuvi wake nyumbani wakiwa salama.